Sare Tatu Katika Hatua Tatu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wa nne nacheza chesi klabuni, na kwa sasa nina pointi 1640 za FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Juzi, katika raundi ya tano ya mashindano, nilipangiwa mchezaji wa 1780 kutoka klabu nyingine, mimi nikiwa na kete nyeusi. Tulicheza ufunguzi wa Caro-Kann. Nikapoteza kitunda kimoja katikati ya mchezo, nikajitetea kwa zaidi ya saa tatu, na hatua ya 63 nikasalimu amri. Nilipofika nyumbani nikauingiza mchezo kwenye injini, yaani programu ya kuchambua chesi: inasema ilikuwa sare kabisa mpaka hatua ya 62, halafu ghafla Nyeupe anashinda. Usiku ule sikulala. Nimekutumia picha ya karatasi yangu ya mchezo. Je, niiache Caro-Kann? Na mwenzangu alijua nini ambacho mimi sikijui?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimeucheza mchezo wako mara tatu juu ya ubao, kete kwa mkono, bila injini, kwa sababu nilitaka kuona ulichokiona wewe ukiwa umekaa pale. Nakushukuru kwa jambo moja ambalo wachezaji wengi hawalifanyi: pembeni mwa kila hatua uliandika muda uliobaki kwenye saa yako. Bila zile dakika nisingeweza kukujibu sawasawa.

Nianze na Caro-Kann, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usiiache. Mlicheza 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.Bd3 Nc6 5.c3 Nf6 6.Bf4 Bg4 7.Qb3 Qd7, na mpaka hapo huna kosa hata moja. (Kwa msomaji mgeni: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya kitunda; x ni kula, + ni cheki, yaani kumshambulia mfalme; na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi.) Njia hii ya Nyeupe ndiyo aliyoitumia Mmarekani Bobby Fischer kumshinda Tigran Petrosian wa Umoja wa Kisovyeti mjini Belgrade mwaka 1970, timu ya Umoja wa Kisovyeti ilipopambana na timu ya dunia nzima iliyobaki. Ndiyo maana vijana wengi wakiiona wanaingiwa na hofu. Lakini Petrosian siku ile alichagua 7...Na5. Wewe ulimlinda b7 kwa malkia, na hiyo ni njia nzuri inayochezwa mpaka leo. Hata mpango wako uliofuata, wa kusukuma kitunda cha b ili kuvunja ukuta wa vitunda wa Nyeupe upande wa malkia, ndio mpango wenyewe wa nafasi ile. Ulikosea wakati wake tu: ulikifikisha b4 hatua ya 27, kabla ngome yako ya pili haijaja kusaidia. Mkabadilishana vitunda pale c3, kitunda chako cha a7 kikabaki yatima, na hatua ya 34 ngome yake ikakila. Hilo ni kosa la kawaida, nami hulifanya. Halikukuua.

Kuna kitu kimoja cha katikati ya mchezo nataka ukitazame, si kwa sababu ni kosa, bali kwa sababu tutakutana nacho tena mbele. Hatua ya 19 farasi wake alikuwa amekaa e5. Ukamla kwa farasi wako, naye akakula kwa kitunda cha d. Pale ndipo kilipozaliwa kitunda cha e5. Kilikaa e5 kutoka hatua ya 19 mpaka ya 60 bila kusogea hata hatua moja. Kimeangalia kila kitu kikiondoka ubaoni: malkia, maaskofu, ngome moja moja, vitunda vyote.

Na hapa nikupe sifa yako, maana barua yako imejaa majuto tu. Baada ya a7 kuliwa mlikuwa vitunda sita kwa vitano. Anayejitetea akiwa amepungukiwa na kitunda, kazi yake kubwa ni kubadilishana vitunda, kitunda kwa kitunda, mpaka mpinzani abaki na kimoja peke yake. Wewe ulifanya hivyo kwa hatua ishirini, kwa subira, huku saa yako ikikubana. Hatua ya 54 ubao ulikuwa na ngome mbili, wafalme wawili na kitunda kimoja. Wachezaji wa 1900 hushindwa kufika hapo wakiwa salama. Wewe ulifika.

Sasa panga ubao. Tafadhali usisome tu, panga. Nyeupe: mfalme d5, kitunda e5, ngome h7. Nyeusi: mfalme e8, ngome b6.

Nafasi hii ina jina. Inaitwa nafasi ya Philidor, kwa jina la Mfaransa François-André Danican Philidor, mwanamuziki na mchezaji bora wa zama zake, aliyezaliwa 1726 na kufariki 1795. Aliichambua katika karne ile ile ya kumi na nane na kuonyesha kwamba anayejitetea anapata sare. Wewe ulifika kwenye nafasi hii bila kuijua. Ngome yako ilikuwa safu ya sita, mfalme wako mbele ya kitunda, kila kitu mahali pake. Nadhani ulifika kwa hisia: uliona kwamba ngome ikikaa safu ile mfalme wa Nyeupe hawezi kupanda. Hisia yako ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kujua *kwa nini* ni sahihi, kwa sababu anayejua kwa nini ndiye anayejua pia ni lini inaacha kuwa sahihi.

Tusome karatasi yako kuanzia hatua ya 55. Herufi zako zimeanza kulala upande, lakini zinasomeka:

55...Rb6
56.Rh7 Ra6
57.Rg7 Rb6
58.Rh7 Ra6
59.Rg7 Rb6
60.Rh7 Ra6 (3:05)
61.e6 Rb6 (3:28)
62.Ke5 Rb5+ (3:54)
63.Kf6, ukasimamisha saa.

Kabla sijaligusa lile la 62 ambalo injini imekunyima usingizi nalo, rudi mistari michache nyuma. Tazama 56.Rh7. Ngome yako iko b6, yake h7, wafalme na kitunda palepale, na zamu ni yako. Tazama 58.Rh7: ngome yako iko b6, yake h7, zamu yako. Tazama 60.Rh7. Ni picha ile ile, kwa mara ya tatu, na zamu ni yako tena.

Mdogo wangu, pale ulikuwa na sare mkononi kwa mujibu wa sheria. Hukuhitaji kumjua Philidor wala kufikiria hatua nyingine. Kanuni za FIDE, kifungu cha 9.2, zinasema nafasi ile ile ikijitokeza mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yule yule, mchezaji huyo ana haki ya kudai sare. Hazijali kama mara hizo tatu zimefuatana au zimetengana. Wala mpinzani haulizwi kama anakubali. Unachofanya ni kutogusa kete, kusimamisha saa na kumwita mwamuzi, kisha unamwambia: nadai sare, nafasi hii imetokea baada ya hatua ya 56, ya 58 na ya 60. Mwamuzi anachukua karatasi na kuhakiki. Ikiwa umekosea hesabu, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea. Ikiwa uko sahihi, mchezo umekwisha.

Nimesema usiguse kete, na nalirudia kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Ukishagusa kete kwa nia ya kuicheza, dai la hatua ile limekufa. Unaweza kudai tena baadaye, ila mpaka picha hiyo ijirudie tena au nyingine itimize mara tatu, na mwenzako hakukupa fursa hiyo: hatua iliyofuata alikisogeza kitunda. Mwamuzi naye hakukosea kunyamaza. Kwa marudio matatu anayepaswa kusema ni mchezaji. Mwamuzi anaingilia mwenyewe yakifika matano.

Nina hakika mpinzani wako alijua. Umeandika kwa penseli pembeni mwa hatua ya 61: «dakika 6». Alikaa dakika sita. Mtu wa 1780 anayekaa dakika sita baada ya kusogeza ngome h7 na g7 mara tano hafikirii ngome. Ameona kwamba njia ya kukuchosha imefika mwisho na amebakiwa na silaha moja, nayo ni kile kitunda kilichokaa e5 tangu hatua ya 19.

Akakisukuma e6. Ukajibu Rb6. Saa yako ilikuwa 3:05 baada ya hatua ya 60 na 3:28 baada ya hii. Ukihesabu zile sekunde 30 za nyongeza, ulitumia sekunde saba.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Kwa hatua tano mfululizo mkono wako ulikuwa ukienda a6, b6, a6, b6, na ulikuwa sahihi kila mara. Kwa hiyo mara ya sita mkono ukaenda wenyewe. Kitunda kilichokaa kama kimekufa miguu kwa hatua arobaini kilisogea, nawe ukaendelea kana kwamba hakikusogea. Ngome ikisogea inaweza kurudi, na mfalme akisogea anaweza kurudi. Kitunda hakirudi. Kwa hiyo kitunda kikisogea, kila ulichokuwa unakijua kuhusu nafasi ile kimekwisha, hata kama ulikuwa unakijua vizuri, na unapaswa kuitazama kama mtu aliyeketi mezani sasa hivi.

Hebu tuitazame hivyo. Kitunda kikiwa e5, tatizo la Nyeusi ni mfalme wa Nyeupe kupanda safu ya sita, d6 au e6. Akifika pale, kitunda kinakaa nyuma yake na kumkinga na cheki za kutoka chini, huku akimbana mfalme wako dhidi ya ukuta wa safu ya nane. Ngome yako ikiwa safu ya sita inamzuia asipande. Ili kuiondoa ngome hiyo kazini, hana budi kukisukuma kitunda kwenda e6 chenyewe. Lakini akishakisukuma, ameitumia kinga yake. Kitunda kimeshatangulia, na mfalme akipanda atakuwa uchi kwa nyuma. Kwa hiyo kazi ya ngome yako inabadilika mara ile ile: iteremke mpaka safu ya kwanza na kuanza kumpiga cheki kutoka mbali.

61...Ra1, basi. Jaribu mwenyewe. 62.Kd6 anatishia Rh8 mati (mfalme wako ananaswa na mchezo unakwisha), lakini unampiga 62...Rd1+. Aende wapi? 63.Ke5, unampiga Re1+. 64.Kf6, unampiga Rf1+. Akikimbilia upande wa c, tuseme amefika c7, unaacha cheki na kuweka Re1: sasa unakishambulia kitunda, na akikupiga Rh8+ unaenda Ke7 na kitunda kinaanguka. Hana pa kujificha, kwa sababu kile ambacho kingemficha kiko mbele yake.

Wewe ulibaki safu ya sita na Rb6. Hukushindwa hapo, injini yako iko sawa. Ila sasa geuza macho uone kilichotokea. Ngome yako iko b6, kitunda chake kiko e6, safu ile ile. Kitunda hicho kimekuwa ukuta. Upande wa pili wa ukuta kuna mraba wa f6, na ngome yako haiuoni tena. Ndiyo maana alicheza 62.Ke5, akielekea f6. Ukumbuke kwamba kabla kitunda hakijasogea, safu yote ya sita ilikuwa yako. Kitunda kilipofika e6, nusu ya safu ikawa yake.

Na bado sare ilikuwepo, ya tatu na ya mwisho: 62...Rb1. Ukichelewa hatua moja kushuka, umechelewa lakini umefika. 63.Kf6 Rf1+ 64.Ke5 Re1+ 65.Kd6 Rd1+, mwendo ule ule niliouonyesha juu.

Ulicheza 62...Rb5+, kwa sekunde nne. Naelewa kabisa kwa nini. Ukiwa umechoka na mfalme wa mpinzani yuko wazi, cheki inaonekana kama pumzi: angalau atalazimika kujibu. Lakini jiulize swali moja kabla ya kila cheki: mfalme huyu akikimbia, atakimbilia wapi, na je, alikuwa anataka kwenda huko? Alikuwa anataka f6. Ukamsukuma f6. Sasa ukirudisha ngome Rb8, ni Rh8 mati. Ukiweka mfalme f8, ni Rh8 mati. Ukikimbia Kd8, anakupiga Rh8+ Kc7, kisha e7, na kitunda kinakuwa malkia. Kwa hiyo kusalimu kwako amri hatua ya 63 kulikuwa sahihi.

Saa yako ilisema 3:54. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulikuwa na karibu dakika nne za kufikiri, na kila hatua ikikuletea sekunde 30 nyingine. Hukubanwa na saa. Ulibanwa na kumbukumbu ya kubanwa. Nimeangalia nyuma: hatua ya 40 ulibaki na dakika moja na sekunde chache, na kutoka pale ukazoea kucheza haraka hata muda uliporudi. Ukiona kwenye karatasi kwamba muda wako unaongezeka badala ya kupungua, unacheza haraka kuliko unavyolazimika. Zile namba unaandika wewe mwenyewe. Zisome.

Umeniuliza mwenzako alijua nini. Kwa ukweli wa ubao, alikuwa amekwama, na alijua amekwama. Alichokuwa nacho ni ile tabia ya kubadilisha kitu anapoona mpinzani amelala kwenye marudio. Nami sitakudanganya kwamba ujuzi wa nafasi ya Philidor ungekuwa jambo dogo. Jioni moja inatosha kuijua, na ingekupa nusu pointi. Kwa pengo la pointi 140 kati yenu, FIDE walikutarajia upate 0.31 ya mchezo ule. Kwa kuwa wewe umeshavuka michezo 30 ya mwanzo, tofauti huzidishwa kwa 20: kushindwa kumekugharimu pointi 6.2, na sare ingekuongezea 3.8. Ni pointi kumi kamili kati ya Rb5+ na Rb1.

Kazi ninayokupa ni hii. Tafuta mwenzako klabuni, pangeni nafasi ile ya hatua ya 60, wekeni saa dakika tatu kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30, yaani muda ule ule uliokuwa nao. Chezeni mara kumi wewe ukiwa Nyeusi, kisha mara kumi ukiwa Nyeupe. Zile za Nyeupe usizidharau. Ni ukikaa upande wa anayeshambulia na kutafuta jinsi ya kumhadaa mwenzako ndipo utakapoona kwa macho ya mpinzani wako zile dakika sita. Mwambie mwenzako asisukume kitunda hatua ile ile kila mara. Asukume mara nyingine mapema, mara nyingine baada ya hatua kumi na tano, mkono wako ukiwa umeshazoea. Ngome yako iteremke kabla hujamaliza kuandika «e6»? Hapana. Andika kwanza, vuta pumzi, tazama ubao mzima, kisha teremka.

Ukishaimudu hiyo, nafasi ya pili ya kujifunza ni ile iitwayo ya Lucena, ambayo ni upande wa pili wa shilingi: kitunda kimefika safu ya saba, mfalme wake yuko mbele yake, na anayeshambulia anajenga daraja kwa ngome kwenye safu ya nne ili kuzizuia cheki. Jina lake lina mkanganyiko, maana haimo kabisa katika kazi ya Lucena ya 1497. Ilionekana kwanza kwa Salvio mwaka 1634. Lakini usizianze zote mbili wiki moja. Nimeona vijana wanaozichanganya, wanajenga daraja wanapotakiwa kushuka.

Na kwenye mashindano yajayo, ukiwa katika mwisho wa ngome na hatua zinajirudia, chora nukta ndogo pembeni mwa namba ya hatua kila picha ile ile inapojitokeza kwa zamu yako. Hiyo ni alama ya kwako tu, na inakaa kwenye karatasi yako. Ukifika nukta ya tatu, weka mikono mapajani, simamisha saa, mwite mwamuzi. Kisha nitumie picha ya karatasi hiyo pia, na dakika zake pembeni kama ulivyofanya safari hii.